Balbu Mpya za Shemeji Taratibu

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mtaani kwetu anaitwa Taratibu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na abiria, wale aliowafikisha wamechelewa lakini wazima. Ameendesha magari miaka thelathini na moja: kwanza lori la ghala la nafaka, kisha basi la wafanyakazi wa kiwanda, na miaka hii ya mwisho gari dogo jeupe alilotuachia mume wangu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa mtu, wala gari la mwenzake, wala hata kuku. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na niliyasema mara nyingi mno: kwenye harusi ya binti yangu, kwenye vikao vya ukoo, hata kwenye misiba ya watu wasiotuhusu sana. "Katika nyumba yetu," nilikuwa nikisema, "yupo mtu aliyeshika usukani miaka yote hii bila mkwaruzo." Watu walitikisa vichwa kwa heshima, naye Taratibu aliinamisha chake. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, hulizunguka akipapasa kila gurudumu kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Hufuta kioo cha mbele kwa fulana kuukuu, mara tatu, nne, tano. Haondoki mpaka asikie mkanda wa kila aliyemo umelia tak! Tangu afiwe na mkewe anaishi chumba cha uani, na humo ana kitanda, redio, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hataki kuitoa kwa sababu, anasema, picha yake bado inapendeza.

Kazi ya sasa nilimtafutia mimi. Zahanati ilitaka gari na dereva wa kumzungusha muuguzi kwa wagonjwa wasioweza kutoka majumbani, kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia. Nilivaa viatu vyangu vya kisigino nikaenda kwa daktari mkuu mwenyewe, nikamwambia kwamba dhamana ya dereva huyu ni jina la familia yetu. Daktari akasema hiyo inamtosha. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Basi jioni moja, mwezi wa nne wa kazi hiyo, nikiwa nafunga madirisha, nikasikia gari likiingia na mlio wa chuma kusaga sementi. Nilitoka mbio. Kioo cha pembeni, upande wa kushoto, kilikuwa kimelala chali kwenye mlango, na nguzo ya lango ilikuwa na mstari mweusi. Lango letu wenyewe! Lango analolipita mara nne kwa siku, na ambalo yeye na kaka yake walilijenga kwa mikono yao.

"Shemeji, umeumia?"

"Sijaumia." Alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. "Ni hizi taa, shemeji. Zimekuwa kama kijinga cha moto kinachotaka kuzimika. Mtu unaendesha kwa kukisia."

"Taa?"

"Taa. Balbu zimezeeka."

Neno hilo nililipokea kama mgeni wa heshima. Balbu hubadilishwa, na kuchoka kwa balbu si aibu ya mtu yeyote. Jirani alipochungulia juu ya ukuta kuuliza kulikoni, nilimjibu kabla hajamaliza swali: "Taa tu, jirani. Kesho tunafunga zenye nguvu zaidi." Kisha nikatoa kitabu cha maelekezo ya gari kabatini, nikavaa miwani, nikasoma sura nzima ya taa za mbele mara mbili. Mimi nimefundisha miaka ishirini na sita. Siendi kwa fundi bila kusoma.

Fundi wetu wa umeme wa magari ni mwanamke. Nilimfundisha darasa la nne, na hata wakati ule alikuwa anafungua kengele ya shule ili aone ndani kuna nini. Watu wanamwita Fyuzi, kwa kazi yake na kwa hasira zake, ambazo hazina breki. Karakana yake ni banda la mabati lenye meza moja ndefu, na mbele yake, ng'ambo ya kiwanja, kuna ukuta mrefu wa ghala la jirani. Ukutani hapo ndipo anapopimia taa. Gari linasimama hatua kumi, yeye anachora kwa chaki alama mbili za msalaba, kila moja kwenye kimo cha taa yake, kisha dereva anaketi mahali pake na kumwambia mwanga unaangukia wapi: juu ya alama, chini yake, kushoto, kulia. Mafundi wengine hupima kwa macho yao wenyewe. Fyuzi anasema anayeendesha ndiye anayeona, kwa hiyo ndiye anayesema.

Tulifika alasiri ya siku iliyofuata.

"Mwalimu!" Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Na Mzee Taratibu! Leo gari linaumwa wapi?"

"Taa," nikasema. "Tunataka balbu kali kuliko zote ulizo nazo."

"Kali kuliko zote." Akamtazama Taratibu. "Mzee, unataka kumulika barabara au unataka kukaanga watu?"

Taratibu akacheka kidogo. "Mwalimu ndiye mwenye orodha."

Fyuzi akapanga visanduku vitatu mezani. Akachukua cha kwanza. "Hizi ni za wati mia. Mwalimu wangu, tafadhali geuka utazame pale." Kwenye msumari kulikuwa kumening'inia soketi za plastiki kama kumi zilizofungwa kwa waya, nyeusi, zimeyeyuka na kujikunja kama nta. "Kila moja hapo ni ya mteja aliyetaka kali kuliko zote. Nyaya za gari lako zimetengenezwa kubeba wati hamsini na tano, sitini. Ukizibebesha mia, zinapata moto. Na anayekuja mbele yako anapofuka."

"Kitabu pia kimesema hivyo," nikasema, ingawa nilikuwa nimetumaini kwamba kitabu kinatia chumvi.

"Kitabu kimesema kweli. Hizi nyingine," akagonga sanduku la pili, "ni zile za mwanga wa buluu. Vijana wanazipenda. Ukiwa umesimama kiwanjani unajiona uko kwenye televisheni. Ngoja mvua inyeshe au vumbi lipande: mwanga wote unakurudia usoni. Tena hiyo rangi iliyopakwa kwenye kioo inakula mwanga wenyewe."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ndiyo ningemfungia baba yangu. Wati zilezile za kawaida, ila uzi wa ndani umefumwa kwa makini zaidi, unatupa mwanga mbali. Kasoro yake ni kwamba haidumu sana. Unabadilisha zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari linakuwa na chongo." Akaenda mbele ya gari, akainama, akapitisha kidole kwenye kioo cha taa. "Lakini Mwalimu, hivi vioo nilivisugua mwenyewe juzi juzi tu, viko safi. Betri nimeipima, ina nguvu zake zote. Hata hizi balbu za zamani hazijachoka kiasi hicho."

"Anayekaa nyuma ya taa hizo gizani ni dereva," nikamwambia. "Si wewe."

"Sawa, Mwalimu," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akinijibu nayo darasani.

Ikawa za aina ya tatu. Fyuzi akachomoa waya wa betri, akafunga balbu ya kulia. Ya kushoto Taratibu aliomba aifunge mwenyewe, na hapo nikaona kazi ya mikono ambayo sitaisahau. Alichomoa soketi, akavua mpira wa kuzuia maji, akabonyeza ile springi nyembamba inayoshika balbu, yote akiwa ametazama pembeni, kama mtu anayesuka nywele huku anapiga soga. Mimi ndiye niliyeshika balbu mpya, kwa leso, kwa sababu kitabu kilionya kwamba kioo chake kikiguswa kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakipasua kikipata moto.

"Ona Mwalimu anavyoishika," Fyuzi akasema. "Utadhani kifaranga."

"Wewe ulikuwa unaangusha hata chaki," nikamrudishia.

Taratibu akaipokea balbu kwa leso ileile, akaizungusha polepole mpaka masikio yake matatu ya chuma yakapata nafasi zake, ikaingia, tik. "Hata kutazama hatazami!" nikamwambia Fyuzi, kwa fahari. Fyuzi aliweka bisibisi chini. Alikuwa anamtazama shemeji yangu kwa namna ambayo sikuipenda.

Jua lilipozama tukalisogeza gari mbele ya ukuta. Fyuzi akaingia bandani kutafuta chaki. Mimi nikaenda kusimama ukutani, nikaupa ukuta mgongo. Nimekwenda pale mara nyingi na najua utaratibu, nikadhani alama za mara ya mwisho bado zipo, nikaona hakuna haja ya kupoteza muda.

"Shemeji, washa!"

Taa zikawaka. Kweli zilikuwa na nguvu. Niliinua mkono kujikinga.

"Alama unaziona?"

"Naziona, shemeji. Vizuri sana," akajibu kutoka ndani. "Ya kulia iko sawasawa. Ya kushoto mwanga umepanda juu ya alama kidogo, ashushe kama vidole viwili."

Nikageuka kuangalia hivyo vidole viwili.

Ukuta ulikuwa mtupu. Mwenye ghala alikuwa ameupaka chokaa upya, mweupe kama shuka, na hapakuwa na msalaba, wala mstari, wala doa. Fyuzi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, na kipande cha chaki mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo la maana. Nilichosema ni hiki: "Unangoja nini? Chora."

Akachora. Akarekebisha taa kwa bisibisi, yeye peke yake, akitumia macho yake mwenyewe. Mtu wa kuulizwa hakuulizwa tena. Alipofunga boneti alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, balbu nimefunga na zinamulika. Kilichobaki hakiko kwenye gari."

"Mambo ya nyumbani kwetu hayajadiliwi karakanani," nikamjibu.

"Basi yajadilini nyumbani," akasema. "Leo."

Tukaondoka. Nilikaa mbele, kando yake. Barabara mbele yetu ilikuwa nyeupe kwa mwanga. Ningeweza kuhesabu kokoto. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikuitazama barabara, nilimtazama yeye. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Alikuwa anahesabu. Nilisikia "kumi na saba, kumi na nane," kisha akapunguza mwendo, na tuta likapita chini yetu palepale alipolitarajia. Alikuwa anaiendesha njia kwa kichwa, kama mtoto anayekariri shairi bila kujua maneno yamekaaje kwenye kitabu.

Karibu na kona ya kinu cha kusaga, mtu wa baiskeli akatokea upande wa kushoto, amebeba godoro nyuma. Mwanga wetu mpya ulimwangazia tangu kofia hadi ndala. Nilingoja Taratibu apunguze mwendo. Hakupunguza.

"Baiskeli!" nikapiga kelele. "Shemeji, baiskeli!"

Akakanyaga breki. Gari likasimama, na godoro likapita mbele yetu, polepole, karibu kabisa na boneti. Mwenye baiskeli alituinulia mkono kutushukuru. Kutushukuru!

Injini ilikuwa bado inanguruma.

"Nilimwona," Taratibu akasema.

Nikamtazama mwenye baiskeli akitokomea na godoro lake.

"Sikumwona," akasema.

Akazima gari pembeni ya kinu, akaniambia yote bila kunitazama. Ilianza mwaka ule ule aliofariki kaka yake. Kwanza alidhani kioo cha gari kina ukungu, ndiyo sababu ya ile fulana. Halafu ukungu ukamfuata hadi chumbani. Mchana anaona watu kama waliosimama nyuma ya pazia jepesi. Jua likizama, taa za magari yanayokuja zinachanua kama maua makubwa na kufunika kila kitu. Njia zote za muuguzi alikuwa amezihesabu Jumapili kwa miguu, matuta, kona na mashimo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini, shemeji?" Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Kila wakinikalisha kwenye shughuli, wewe unasimama. Miaka thelathini na moja, hana mkwaruzo. Watu wote wananitazama. Kaka yangu yuko kaburini na wewe unalibeba jina lake peke yako. Mimi ndiye niinuke niseme jamani, mimi sioni?"

Tulishuka, tukalifunga gari palepale, tukamwomba mwenye kinu alitazame, tukaenda nyumbani kwa miguu. Nilimshika mkono kwenye mtaro. Zamani angeuchomoa.

Nilipomfungulia lango aliniuliza swali moja tu. "Asubuhi muuguzi atakuja. Tunamwambia nini?"

Nakiri kwamba nilikuwa na jibu tayari. Gari limeharibika. Ni maneno mawili, safi, hayamvunjii mtu heshima, na yangetupa wiki nzima ya kufikiri. Nililala nayo. Lakini kila nilipofumba macho, niliona lile godoro likipita mbele ya boneti.

Muuguzi alifika alfajiri akiwa na mkoba wake wa dawa, mwanamke mnene mchangamfu ambaye husikika kabla hajaonekana. "Hodi hapa! Mama, shikamoo. Mzee wangu yuko wapi, na gari liko wapi?"

Nikafungua mdomo. Taratibu akanitangulia, alikuwa ametoka chumbani kwake, amevaa shati lake la kazi, funguo zimo kiganjani.

"Gari ni zima," akasema. "Mbovu ni mimi. Macho yangu hayaoni, binti yangu. Nimekuzungusha miezi minne nikiwa sioni vizuri, na naomba radhi."

Nilimgeukia muuguzi kuona jina letu linavyoanguka. Muuguzi alitua mkoba chini.

"Mzee," akasema, "wewe ulidhani kwa nini nasema sana njiani?"

"Si ndiyo tabia yako?"

"Tabia yangu! Mtu gani mwenye akili timamu anapiga soga ya mashimo? 'Hee, lile shimo la kushoto limezidi kukua. Hee, yule mbuzi naye kasimama katikati.' Miezi miwili sasa nakuendesha kwa mdomo. Koo limeniuma mpaka nakunywa dawa za wagonjwa." Kisha akaacha kucheka. "Na mimi nilikosa. Ningesema mapema. Niliogopa kumvunjia heshima Mama, jinsi alivyokudhamini."

Kumbe tulikuwa watatu, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote tunalijua, na katikati yetu watu wanapita barabarani na baiskeli zao.

Akatoa kurunzi yake ndogo, akamkalisha Taratibu kwenye ngazi, akammulika jicho moja, kisha la pili. "Mtoto wa jicho," akasema. "Yote mawili, amekomaa. Huyu anatolewa, Mzee. Siyo mwisho wa dunia."

Taratibu akaniwekea funguo kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama anavyofunga springi ya balbu.

Asubuhi ileile nilivaa viatu vyangu vya kisigino nikaenda kwa daktari mkuu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye utangulizi. Nilipofika mbele ya meza yake nilisema tu, "Nilikudhaminia dereva asiyeona. Sikujua, lakini sikutaka kujua, na kwangu hayo mawili ni kitu kimoja." Daktari akauliza kama ningependa kiti. Akamwandikia Taratibu barua ya hospitali ya macho. Gari akampa dereva mwingine, kijana mwenye haraka ambaye nilimchukia siku ile ile.

Miezi ile ya kungoja upasuaji Taratibu hakujua aifanyie nini. Aliosha gari likirudi jioni, akalipapasa magurudumu, akamsimulia yule kijana kila tuta kwa namba yake. Jicho la kulia lilifanyiwa kazi kwanza, la kushoto likafuata. Siku alipofunguliwa kitambaa cha pili alikaa chumbani kwake akitazama kalenda yake muda mrefu, kisha akasema, "Shemeji, mbona hukuniambia kwamba huu mwaka ulishapita?"

Daktari wa macho alipompa karatasi ya ruhusa, hatukwenda zahanati moja kwa moja. Tulikwenda kwa Fyuzi. Ni mimi niliyetaka hivyo, na ni mimi niliyeketi nyuma ya usukani kwenda huko, kwa leseni ambayo sikuwa nimeitumia tangu ujana wangu, naye kando yangu akisema, "Polepole, shemeji. Hapo tuta. Polepole." Nilimkwaruza nani? Sikumkwaruza mtu. Lakini nilizima injini mara tano mbele ya watu walionifahamu, na sikufa.

Jua likazama. Taratibu akaketi mahali pake. Mimi nikasimama pembeni, mbali na ukuta, mdomo nimeufunga. Fyuzi akaenda ukutani na chaki yake, akakaa huko akitugeuzia mgongo, akarudi.

"Washa, Mzee. Alama unaziona?"

Taa zikaupiga ukuta. Taratibu akavuta kiti mbele. Aliinamia usukani, akatazama, akatazama tena.

"Ya kulia ipo," akasema. "Umeichora vibaya, mkono mmoja mrefu. Ya kushoto hujachora kitu, Fyuzi. Na chaki umeificha nyuma ya mgongo."